Saa za Angani

Daftari nimelikuta nyuma ya unga,
ndani ya debe la bati, limefungwa kwa kamba ya kiatu.
Jalada lake la buluu limepauka kama shati la kazi.
Baba hakuwa mtu wa maneno:
tarehe, ndege, upepo, saa za angani.
Yaliyobaki aliyabana kwenye safu nyembamba ya mwisho,
kama mtu anayelipia kila herufi.

Prostějov, 1937. Dakika kumi na mbili.
Mwalimu amelala kiti cha nyuma, au anajifanya.

Kisha Wajerumani wakaingia pamoja na theluji,
wala risasi haikulia,
na baba akatoka nchini ndani ya behewa la makaa ya mawe,
uso mweusi tii, meno tu yakionekana.
Leo nimesafiri chini kwa chini. Sikupenda.

Ufaransa: saa kumi na moja, nchi ikaanguka.
Uingereza: hapo kurasa zinafurika,
mara tatu kwa siku, mara nne,
chai ikipoa juu ya bawa,
na fundi wake, mtu wa Wales aitwaye Idwal,
akimkaza mikanda kifuani bila kumtazama usoni.

Septemba, Jumatano.
Nimempiga mmoja. Alikuwa anafuta miwani.

Basi. Hakuna zaidi.
Sasa najua kwa nini baba
kila alipotaka kufuta miwani yake mezani
aliugeukia ukuta, akafuta, akairudia supu.

Na kile kidole gumba.
Adui hupenda kujificha ndani ya jua;
unaliziba jua kwa kidole, unachungulia pembeni mwake.
Alifanya hivyo akingoja tramu.
Alifanya hivyo akianika mashuka yetu.
Watoto wa mtaa walimwiga, nami siku moja nikamwiga,
mama akanizaba kofi ambalo sikulielewa
kwa miaka hamsini.

Alirudi na medali saba. Walimrushia maua.
Mwaka wa tatu wakubwa wapya wakagundua
kwamba aliyepigania magharibi ana harufu ya magharibi.
Asante ya punda, tunaijua.
Wakamvua gwanda, wakamfungia mwaka na miezi minne
(safu zote tupu, mistari tu aliyoichora kwa rula),
kisha wakampa sepetu kwenye kiwanda cha matofali.
Aliye juu mngoje chini:
walimngoja, wakampata.
Shuleni, penye kazi ya baba, niliandika: kibarua.

Ila mwaka 1956 mwendesha winchi alivunjika mguu
na msimamizi, Bwana Šindelář, akauliza
nani hapa haogopi kimo.

Nafunua ukurasa unaofuata. Nilitarajia weupe.
Kumbe daftari halikukatika:

Winchi namba 2, Olomouc. Upepo wa kaskazini. Saa za angani: 8.
Winchi namba 2. Ukungu. Saa za angani: 8.
Mvua ya mawe. Nimeshusha mzigo salama. Adui: hakuna.

Miaka kumi na tisa hivyo, Jumapili tu zikirukwa.
Nimejumlisha kwa penseli, nikakosea, nikajumlisha tena:
vitani, saa mia nne na kumi na mbili;
winchini, zaidi ya elfu arobaini.

Mwaka 1991 ilikuja bahasha yenye muhuri,
serikali inasikitika, cheo cha kanali.
Aliisoma amesimama mlangoni,
akamuuliza mtu wa posta kama kuna ada ya kulipa,
akaitumia bahasha kuwekea mbegu za figili.

Sijui alitaka nani alisome daftari hili.
Labda hakuna. Labda ni mazoea,
kama kufunga mlango mara mbili.
Nilikuwa nakaribia kulirudisha kwenye debe
nilipoona, Oktoba, mwaka wa kwanza wa winchi,
safu ya mwisho:

Mita thelathini na nane. Kweupe, naona hadi mtoni.
Zdena amepita na mkoba wa shule.
Kiatu kimoja hakina kamba.
Hakuangalia juu.